Muulize Njomba: Keki inawaka moto, aiskrimu ndani imeganda, na maswali mengine ya usiku wa mwisho melini

Mtwara kuchele! Haya wapenzi, simu yangu mwezi huu imejaa mpaka inagoma kupokea meseji. Kosa ni langu mwenyewe, toleo lililopita niliropoka kidogo tu kwamba kabla sijarudi hapa Mikindani kufuga kuku nilikuwa weita kwenye meli za watalii miaka tisa, basi ndo nimefungulia bomba. Hakuna tena anayeniuliza bei ya korosho wala dawa ya kideri. Wote mnataka habari za melini, na kinachonishangaza zaidi ni kwamba wengi mmeuliza kitu kimoja, ule usiku wa mwisho wanavyokula na kucheza. Nimeyakusanya yanayofanana, nimepunguza yaliyo marefu, mengine nimeyajibu kwa mkupuo. Twende.

*Shikamoo Njomba. Mwanangu kapata kazi kwenye meli ya watalii huko Marekani, huu mwezi wa nne sasa. Juzi kanitumia video, ukumbi mzima taa zimezimwa, wahudumu wamepanga mstari wamebeba masinia yana moto juu wanacheza, wazungu wanazungusha vitambaa vyeupe hewani wanapiga kelele. Nikamuuliza nini hicho, akanijibu "usiku wa mwisho mama" alafu mtandao ukakata. Jirani yangu anasema hilo ni tambiko, wanatoa kafara kwa bahari ili meli ifike salama. Toka siku hiyo silali. Mama, Ligula.*

Marahaba mama, na leo ulale. Hicho ulichokiona ni keki. Yaani kabisa, keki yenye aiskrimu ndani, na mwanao alikuwa anaipeleka kwa wageni wale wamalize safari vizuri. Bahari haijapewa kitu pale, labda jasho la mwanao tu.

Nikueleze ilivyo. Safari nyingi za hizi meli ni za siku saba, wageni wanapanda mji mmoja wanazunguka visiwani alafu wanarudi palepale. Kwenye ukumbi mkubwa wa chakula, ule wa kukaa na kuhudumiwa, mgeni kwa utaratibu wa zamani anapewa meza yake na weita wake, na hao hao ndo wanakutana kila jioni mpaka safari iishe. Kwahiyo kufika siku ya sita wewe weita unajua kwamba yule babu wa meza ya dirishani hali vitunguu, mkewe anapenda chai ya tangawizi kabla ya kulala, mjukuu wao hagusi mboga mpaka umfanyie kichekesho. Mmeshazoeana. Sasa usiku wa mwisho, au kwenye meli nyingine usiku wa kuvaa suti ulio karibu na mwisho, inafanywa hiyo paredi ya kuagana. Keki yenyewe kwa Kiingereza inaitwa *baked Alaska*, tafsiri yake ni kama Alaska iliyookwa.

Ilivyokuwa kwetu, wageni wakishamaliza nyama sisi tunaitwa jikoni, tunapanga foleni kwenye korido ile ya kutokea, mmoja nyuma ya mwenzake, kila mtu na sinia lake begani. Kubanana hasa, maana wapishi nao wamo na makofia yao marefu, na waosha vyombo nao siku hiyo wanatoka, watu ambao mgeni hajawahi kuwaona wiki nzima. Mkuu wa ukumbi anazima taa. Kimya kidogo. Alafu ngoma inapigwa kwenye spika, ngoma za Karibi zile za kukata kiuno, na mlango unafunguliwa. Unatoka na moto wako begani, unacheza unapita kati ya meza, huku wageni wamesimama wanazungusha napkini juu ya vichwa mpaka unahisi upepo. Mimi wa huku kwetu mara ya kwanza nikasema moyoni, ala, si wanaleta ndafu hawa!

Maana mama wewe ni wa Mtwara, harusi umezienda. Si unajua pale ukumbini MC anavyosema "sasa tunaomba tuwapokee wapishi wetu", taa zinapunguzwa, mziki unabadilishwa, alafu wapishi wanaingia wakicheza wamembeba mbuzi mzima kasimamishwa na majani mdomoni, fataki zinawaka pembeni? Ndo hivyo hivyo. Na kama unataka kuielewa vizuri zaidi, usiifananishe na harusi yenyewe, ifananishe na ile siku ya kuvunja kamati. Wageni wanadhani sherehe ni yao, na ni yao kweli kwa kuwa ndo waliolipa, lakini ule usiku ni wa waliopika na waliobeba. Ndo siku pekee jikoni inatoka nje kupigiwa makofi.

Kuhusu moto, hapo najua ndo roho yako ilipo. Miaka yangu ya mwanzo tulibeba moto wa kweli, wa pombe kali inayomwagiwa juu na kuwashwa, na harufu yake naikumbuka mpaka leo, sukari inayoungua na ramu. Baadaye tukaletewa boksi la mishumaa ya betri, ile inayomeremeta kama mshumaa kweli lakini ukiishika ya baridi. Siku hizi meli nyingi ndo zimehamia huko, na nyingine zimeiacha paredi yenyewe. Nyumba ikiungua Ligula mtatoka mkimbilie barabarani, meli ikiwaka katikati ya maji hakuna barabara. Kwahiyo ukiirudia ile video taratibu, mama, angalia ule moto kama unayumba mtu akipita. Kama hauyumbi, mwanao kabeba betri.

*Njomba, kwani huko Alaska ndo wanakula hiyo keki? Mwalimu wa jiografia, Newala.*

Mwalimu, nimewahi kuipeleka mezani meli ikiwa Alaska kwenyewe, mabarafu makubwa yanaonekana dirishani, na mgeni mmoja akaniuliza swali lako hilo hilo. Hapana, jina limetoka New York. Marekani iliinunua Alaska kutoka Urusi mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, na watu wengi kipindi kile walicheka kwamba serikali imenunua friji. Pale New York kulikuwa na mgahawa wa wakubwa unaitwa Delmonico's, mpishi wake mkuu Mfaransa Charles Ranhofer, na inasimuliwa kwamba huo ununuzi ndo aliutengenezea keki. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba kwenye kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1894 aliiandika kwa jina la "Alaska, Florida", yaani baridi kali na joto kali kwenye sahani moja. Wafaransa nao wana jina lao, wanaiita kimanda cha Norway. Yaani imepikwa na Mfaransa, jina la Alaska, kwao Ufaransa wanaisingizia Norway. Waambie wanafunzi wako hiyo, hawataisahau Alaska kwenye ramani.

*Mimi natembeza wageni magofuni. Meli zao huwa zinatia nanga huku, wanashushwa na viboti, wanaona msikiti mkuu na Husuni Kubwa wanarudi. Mzee mmoja aliniambia usiku wa mwisho wanakula wamevaa kawaida tu, tena wengine malapa, wakati mimi kwenye picha nawaona na suti na magauni. Ananidanganya? Kaka mkubwa, Kilwa Masoko.*

Hajakudanganya kaka. Ni mabegi. Kwenye meli kubwa, usiku wa mwisho mgeni anapewa lebo ya rangi anaifunga kwenye begi, alafu anatakiwa aliweke nje ya mlango wa kabini kabla ya kulala ili vijana walikusanye usiku kucha, asubuhi alikute bandarini limepangwa kwa rangi. Sasa suti ishaingia begini, begi lishaondoka, utakula na nini kama si kaptula? Ndo maana usiku wa suti huwekwa kabla. Na kila wiki kuna mtu anasahau, anafunga kila kitu, asubuhi anashuka mapokezi kajifunga taulo la meli anauliza suruali yake iko wapi. Sitanii, nimewaona, na kuna mmoja alikuwa jaji.

Hizo meli ndogo zinazofika kwenu Kilwa mambo yake ni ya kifamilia zaidi, watu wachache, begi linachukuliwa asubuhi tu.

*Njomba habari za masiku. Mi nafanya biashara ya kupika kwenye sherehe hapa Mtwara mjini, nina vijana wanne. Tarehe za mbele nina kuvunja kamati ya watu 40 na bi harusi mwenyewe kaona hiyo keki ya moto mtandaoni anaitaka. Kwa joto letu hili itawezekana kweli? Oveni nina ndogo ya gesi. Mama Lishe aliyepanda cheo, Chikongola.*

Hili swali ndo nimelipenda kuliko yote, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu mimi nimeshafeli mbele za watu.

Ilikuwa kuvunja kamati ya mpwa wangu hapa Mikindani, nimejitapa wiki nzima kwamba nitawaonyesha mambo ya melini. Aiskrimu nimeiweka kwenye friza toka asubuhi, umeme ukakatika saa nane mchana mpaka magharibi, mi sikufungua kuangalia nikijua friza ikifungwa inatunza. Inatunza, sawa, ila inatunza iliyokwisha kuganda mpaka kiini, yangu ilikuwa haijaganda bado. Usiku nikaivika ute wa mayai uliopigwa na sukari, nikaipeleka, nikamwagia pombe kali kama namwagilia mchicha, nikawasha. Moto ukashuka kwenye sinia kama maji, kitambaa cha meza kikashika, shemeji akakizima na jagi la juisi ya ukwaju. Nilipokata keki ndani ikatoka supu. Mpaka leo wapwa zangu wakiniona na kiberiti wanauliza "Njomba, tuite zimamoto?"

Sasa sikiliza kinachofanya kazi. Siri yote iko kwenye ute wa mayai. Ukiupiga na sukari mpaka usimame unakuwa povu, na povu ni hewa iliyofungwa kwenye vipovu vidogo vidogo, na hewa iliyofungwa haipitishi joto haraka. Wewe umekulia nyumba ya makuti au angalau bibi yako alikuwa nayo, jua la saa saba linaunguza nje, ndani kuna kaubaridi, kwa nini? Hewa iliyonaswa kwenye makuti. Ukihamia kwenye bati unaiva. Basi lile povu ni makuti ya aiskrimu, na keki iliyo chini nayo imejaa matundu ya hewa, nayo ni kinga ya upande wa chini. Ukiacha tundu hata la kidole, pale povu halikufika kwenye keki, joto linaingilia hapo hapo. Kwahiyo unapaka mpaka chini kabisa, unaziba ukingo wote, unaangalia kwa kuzunguka sinia kama fundi anayepiga lipu.

Aiskrimu igande siku nzima kabla, sio masaa, iwe ngumu kiasi cha kugonga kinasikika. Tafuta bakuli la duara, litandike ndani na nailoni, jaza aiskrimu, gandisha, hapo unapata umbo la mlima. Ya embe inapendeza sana na kwa huku kwetu ningetia korosho za kukaanga zilizopondwa kwenye tabaka la katikati, maana itakuwa aibu sherehe ya Mtwara inaisha bila korosho. Keki ya chini iwe ya kawaida ya sponji, unene kama sentimita 2 au 3, ipoe kabisa, ikatwe izidi kidogo pembeni ile aiskrimu utakayoipindulia juu yake.

Ute wa mayai 4 kwa sukari gramu 200, hiyo inavika keki ndogo ya watu 8, kwahiyo wewe wa watu 40 tengeneza tano ndogo, usijaribu moja kubwa, utalia. Bakuli liwe kavu halina hata tone la mafuta wala kiini, kiini kikidondokea humo povu halisimami, anza upya. Tena mayai yetu haya ya kienyeji hatujui yametoka wapi, na zile dakika chache za kwenye oveni hazitoshi kuuivisha ute wote, basi fanya hivi: weka ute na sukari kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu, bakuli lisiguse maji, koroga bila kuacha mpaka kipimajoto kisome kama nyuzi 72, hapo ndo unautoa unaupiga na mikisa mpaka upoe na usimame wima. Melini tulikuwa na mayai ya boksi yaliyokwisha kupashwa kiwandani, huku utayapasha mwenyewe.

Ukishaivika, irudishe friza hiyo hiyo na vazi lake. Muda ukifika oveni iwe imeshapata moto mkali, nyuzi 230 hivi, unaingiza dakika 3 mpaka 5, umesimama hapo hapo hujibu simu. Ikishakuwa na rangi ya kahawia kwenye ncha, toa. Na kama oveni yako ndogo haifiki huo moto, fanya kama mama zetu walivyooka mkate wa kumimina, palia makaa juu. Chukua bati safi, weka makaa mekundu juu yake, lishikilie juu ya keki bila kuigusa. Moto wa kutokea juu ndo hasa unaoutaka, wa chini hauna kazi. Wenye tochi ya gesi wanaitumia pia na inaenda vizuri, ila iwe ya jikoni tu, usije ukaazima ya fundi radieta.

Kuhusu kuwasha ukumbini, njia ya zamani ni kuchukua nusu ganda la yai, unaliosha, unalichomeka kileleni kama kikombe, unatia pombe kidogo iliyopashwa, unawasha ndani ya ganda. Inapendeza, moto unakaa kwenye kikombe chake hausafiri. Lakini kwa kumbi zetu zile zenye mapazia ya satini toka dari mpaka sakafuni na maua ya plastiki kila nguzo, na hasa feni zikiwa zinazunguka, mi nakushauri taa za betri. Zima taa za ukumbi, mwambie MC akae kimya sekunde kumi kabla ya mziki. Hizo sekunde kumi ndo zinazofanya kazi kuliko moto.

*Asalaam aleykum Njomba. Binti yangu anafanya kazi hotelini na anasema pombe ikishawashwa moto inaungua yote, kwahiyo hiyo keki haina neno. Ni kweli? Mama Hijja, Lindi, Mtanda.*

Waaleykum salaam mama. Haiungui yote. Ule moto unaouona ni mvuke unaoungua juu, na unazimika wakati sehemu kubwa ya pombe bado imo kwenye chakula. Vipimo vya idara ya kilimo ya Marekani vinasema chakula cha kuwashwa hivyo kinabaki na kama asilimia 75 ya pombe iliyotiwa. Hukumu ya dini utamuuliza shehe, mi naishia kwenye chakula. Ila melini tulikuwa na wageni Waislamu kila safari, walikuwa wanasema mapema siku ya kwanza, na zao zilikuwa zinatoka jikoni hazijamwagiwa kitu. Isitoshe, sinia linalochezeshwa ukumbini mara nyingi ni la maonyesho, kipande unacholetewa mezani kimekatwa jikoni zamani.

*Oya Njomba, nipe michongo. Nasikia usiku wa mwisho wageni wanagawa bahasha za dola, weita anaondoka na mamilioni. Mi form four, naongea English, kuna jamaa ananiambia nitume laki nane ya usajili nipate meli. Mtoto wa Masasi.*

Usitume. Nimeandika neno hilo peke yake ili ulione hata kama hutasoma mengine.

Kuna mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, na unakataza wakala kumtoza baharia pesa ili apate ajira. Gharama zako halali ni kama pasipoti, kitabu cha ubaharia na cheti cha daktari, viza inabebwa na mwenye meli. Mtu akikuomba "usajili", huyo meli yake iko kwenye simu yake tu. Anza na mafunzo ya lazima ya usalama, kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza, pale DMI, chuo cha ubaharia Dar, wanayafundisha. Na uwe umefanya kazi hotelini kwanza, hata mwaka, wanauliza.

Bahasha zilikuwepo. Zamani ndo ulikuwa utaratibu wenyewe, usiku wa mwisho baada ya keki mgeni anakupa mkono na bahasha iko kiganjani, na kabini anamwachia msafishaji ya kwake. Sasa ukiunganisha mambo utaelewa kwa nini tulikuwa tunacheza vile kwa moyo wote, keki inaingia, robo saa baadaye bahasha. Kuna wageni pia walikuwa wanapata tumbo la ghafla usiku huo, wanakula kule juu kwenye bufee ili wasionane na weita wao. Tulikuwa tunawajua kwa majina. Siku hizi kampuni nyingi kubwa za Marekani zinaikata tipu moja kwa moja kwenye bili, kiasi maalum kwa mgeni kwa siku, inaingia kwenye kapu inagawanywa kwa watu wengi ukiwemo wewe, yule wa kabini na ambao mgeni hawaoni. Bahasha bado zinakuja, ila ni nyongeza.

Kuhusu mamilioni, mdogo wangu, kazi ni siku saba kwa wiki kwa miezi sita mpaka tisa, hakuna Jumapili. Huo mkataba niliokutajia unataka upate mapumziko yasiyopungua masaa 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Piga hesabu upande wa pili uone masaa mangapi yanabaki ya kazi. Ukiweza hayo, nenda.

*Njomba, kwenye Titanic nao walicheza na keki usiku wa mwisho? Mzee wa Nachingwea, mpenzi wa historia.*

Hapana mzee, maana hawakujua kama ni wa mwisho. Walikuwa wafike New York siku tatu baadaye. Jioni ya tarehe 14 Aprili 1912 daraja la kwanza waliandaliwa mlo wa vyakula kumi vinavyofuatana, kuanzia chaza mpaka vitamutamu, na kapteni Smith mwenyewe alialikwa karamu ya familia moja tajiri kwenye mgahawa mwingine humo humo melini. Aiskrimu ilikuwepo kwenye menyu. Barafu nyingine ndo hiyo wakakutana nayo saa tano na dakika arobaini usiku.

*Mabaki ya hizo karamu wanatupa baharini? Sisi huku tunavua. Mvuvi, Msimbati.*

Chakula kinaruhusiwa, ila sio ovyo. Sheria za kimataifa zinasema kikisagwa kiwe vipande visivyozidi milimita 25 kinaweza kumwagwa meli ikiwa zaidi ya maili 3 za bahari kutoka nchi kavu, kisiposagwa ziwe zaidi ya 12, na kuna bahari nyingine zimewekewa masharti makali zaidi. Plastiki hapana, popote pale. Jikoni kwetu kulikuwa na mashine ya kusaga inanguruma kama ya unga wa muhogo, na jamaa wa kuchambua taka akikuta kijiko cha plastiki kwenye mabaki ya meza yako anakuja mpaka kwenye kituo chako na hicho kijiko mkononi. Hasemi kitu. Anakuonyesha tu.

*Shikamoo. Na nyie wahudumu mlikuwa mnakula nini usiku huo? Mwanafunzi, Chuno.*

Marahaba mwanangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo miaka yote, hata wageni.

Paredi ikiisha unabaki na meza za kusafisha, napkini ziko chini kama kuku wamenyonyolewa, na ukumbi unatakiwa uwe tayari kwa kifungua kinywa cha alfajiri. Tukimaliza, saa sita usiku imepita, tunashuka kwenye mesi ya wafanyakazi, chini kabisa, huko hakuna dirisha. Wali upo muda wote kwa sababu ya Wafilipino na Waindonesia, Mungu awabariki, bila wao ningekula mkate miaka tisa. Wali, samaki wa kukaanga, na pilipili ya chupa ya mtu fulani ambayo kila mtu anaiba. Wakati mwingine mpishi wa keki anateremsha zile keki za maonyesho zilizozunguka ukumbini, povu limeshanywea, aiskrimu imelainika inachuruzika pembeni, tunaila na vijiko kwenye sinia moja watu kumi, kila mmoja anahadithia mgeni wake. Mi nilikuwa na korosho zangu za kutoka kukaya, yaani nyumbani, kwenye kopo la maziwa, nazigawa mbili mbili, maana mkataba ni mrefu na kopo ni dogo.

Alafu unalala masaa yanayohesabika. Asubuhi meli imeshafunga kamba bandarini, yule babu wa dirishani anakukumbatia, mkewe analia kidogo, mjukuu anauliza kama utakuja kwao. Saa nne wameshuka wote. Unabadilisha vitambaa vya meza, unapanga vijiko. Saa sita mchana wapya wanaanza kupanda, na jioni upo pembeni ya meza ile ile ya dirishani, umenyoosha koti, unawaambia watu ambao hujawahi kuwaona karibuni sana, mimi ndo nitawahudumia wiki nzima, kuna yeyote hapa asiyekula vitunguu?